Kuta za Chaki

Mtaani walimwita Mizani, na hakuna aliyekumbuka tena kama jina hilo lilitoka kwenye kazi yake au kwenye tabia yake. Kazi yake ilikuwa kupima magunia katika ghala la pamba, tangu ndevu zinaota hadi zilipogeuka mvi, siku alipopewa saa ya ukutani na kuambiwa akapumzike. Tabia yake nayo ilifanana na kazi. Ukimsalimia, alikuacha ukingoja kidogo, kana kwamba salamu yako imewekwa juu ya sahani ya chuma naye anasubiri mshale utulie. Kisha alijibu. Jibu lenyewe halikuwa na uzito wowote. Alisema, "Salama."

Mtu wa namna hiyo hana haraka ya kubomoa nyumba. Yake ilikuwa na vyumba viwili vya kulala, sebule, jiko, na korido nyembamba iliyotoka sebuleni, ikapita kando ya jiko, ikaishia kwenye mlango wa uani. Fundi aliyeijenga alikuwa mtu mwenye bidii na kichwa kigumu. Mlango wa choo aliuweka ndani ya chumba cha wenye nyumba, na alipoulizwa sababu alisema ndivyo wakubwa wanavyoishi. Basi Mizani na mkewe wakaishi kama wakubwa. Watoto walipobanwa usiku walipiga hodi kwa wazazi wao, na wakakua wakiwa na adabu nyingi na vibofu imara.

Waliokwishaoa na kuolewa waliondoka. Akabaki kitinda mimba, binti aliyeuza simu dukani mjini, naye akachumbiwa. Wakwe walikuja kujitambulisha siku ya mvua. Katikati ya mazungumzo mjomba wa kijana, mzee mnene mwenye mkongojo, aliinama akauliza kwa sauti ya chini ni wapi anaweza kunawa mikono. Kila mtu alielewa. Akapitishwa chumbani kwa wenye nyumba, ambako kwa sababu ya mvua ilitandwa kamba kutoka dirishani hadi kabatini, na kwenye kamba hiyo zilining'inia nguo za ndani za Mizani, zote. Mjomba ilimbidi ainue moja kwa ncha ya mkongojo ili apite. Aliporudi aliketi, akaendelea na hotuba yake pale alipoiachia, bila kutabasamu. Hilo ndilo lililouma. Walipoaga walisema watarudi baada ya mavuno, na safari hiyo watakuwa wengi zaidi.

"Aibu ya maiti aijuaye mwosha," mkewe alisema wakati wa kukusanya vikombe. "Ya kwako sasa anaijua na mjomba mtu."

Mizani aliliweka jambo hilo kwenye mizani, likakaa huko hadi mvua zilipokatika. Ndipo akasema, "Tutafute mtu wa kuchora. Choo cha wageni."

Binti akamleta msanifu majengo, msichana aliyesoma naye zamani, mwenye viatu vizito vya kazini na futi ya chuma kiunoni kama bastola. Nyumba nzima ilimwita injinia. Siku ya kwanza alijaribu kuwaeleza: injinia ni yule anayehakikisha nyumba haianguki, yeye kazi yake ni kuuliza watu wanaishije ndani yake.

"Tumekuelewa, injinia," alisema mke wa Mizani.

Msanifu akaachia hapo. Akafungua daftari lake. "Haya, baba. Jioni huwa unakaa wapi?"

Ukweli ulikuwa hatua chache nyuma yake, kwenye korido. Jioni zote za ndoa yake Mizani alikaa pale, kwenye kiti cha mbao karibu na mlango wa uani, uso nje, mgongo jikoni. Jikoni hakukuwa na mlango, palikuwa na uwazi tu, na upande wa pili wa uwazi huo mkewe alikaa kwenye cherehani yake akishona sare za shule, chungu kikitokota pembeni. Hakuna aliyemwona mwenzake. Huko ndiko walikozungumzia. Waliketi hivyo mkewe alipomwambia kwamba mimba ya pili imetoka. Waliketi hivyo Mizani alipomwambia kwamba ghalani wanapunguza watu. Jambo lolote zito katika nyumba ile lilipita kwenye uwazi ule, likiwa limefunikwa na sauti ya cherehani, na aliyelipokea alikuwa na muda wa kuupanga uso wake kabla hajaonekana. Wakikaa ana kwa ana walikuwa watu wengine kabisa, waungwana wawili waliofahamiana kidogo, wakaulizana habari za chumvi. Maneno yao yalikuwa kama ndege wa porini, ukiyakazia macho yanaruka.

Lakini mtu na mvi zake atamwambiaje binti mwenye shahada kwamba jioni anakaa mlango wa nyuma akitazama ndoo?

"Sebuleni," Mizani alisema. "Nasoma gazeti."

Mkewe alimtazama. Gazeti halikuwahi kuingia mle ndani ila likiwa limefungia kitu.

"Na wewe, mama?"

"Na mimi sebuleni," mke alisema. "Namsikiliza akisoma."

Binti yao alikohoa, akaenda dirishani.

"Mficha uchi hazai," msanifu alisema kwa upole. "Mimi ni kama daktari, wazazi wangu. Mkinidanganya, nitawatibu ugonjwa wa jirani."

"Ukweli mtupu," Mizani alisema.

Msanifu aliinuka akaenda kuchungulia korido. "Na hiki kiti?"

"Cha kuwekea vitu."

Wote wakakitazama. Kilikuwa kitupu. Mke wa Mizani alinyanyuka, akapita kati yao, akaweka beseni juu yake.

Ndivyo ugonjwa wa jirani ulivyopatiwa dawa. Msanifu aliporudi alikuja na boksi la chaki. Alikuwa na utaratibu wake: kabla hajachora mchoro wa mwisho, aliichora nyumba mpya sakafuni, kwa ukubwa wake halisi, akawaachia wenyewe waishi nayo wiki moja. "Karatasi inadanganya," alisema. "Mguu haudanganyi. Na ukuta wa chaki ukibomolewa hauna vumbi."

Alipiga magoti akachora. Choo kilitakiwa kiwe jirani na mabomba, na mabomba yote yalikuwa kwenye ukuta wa jiko, kwa hiyo choo cha wageni kikaangukia mwisho wa korido. Uwazi wa jikoni, uliokuwa mpana, ungezibwa na kubakizwa mwanya upande wa sebuleni uwe mlango wa jiko, na mlango wa uani ungepitia jikoni humo humo. "Nimechukua sehemu ambayo haitumiki," msanifu alisema, akipangusa mikono. Aliinua beseni, akaliweka chini, akasogeza kiti ili mstari upite. Kisha akakirudisha. Kikawa ndani ya choo barabara, pale ambapo mtu angekikuta anachokihitaji.

"Safi," Mizani alisema. Wakati huo alikuwa anamwona mjomba na mkongojo wake akiingia humo kwa heshima zote na kufunga mlango.

Kosa lililofuata lingeweza kufanywa na watu wale tu. Walizitii kuta. Msanifu alitaka wazijaribu. Wao walidhani wameamriwa. Mizani ghalani alizunguka mstari wa manjano sakafuni maisha yake yote, ingawa aliyeuchora alikwishakufa na hakuna aliyejua ulikuwa unazuia nini. Mkewe alikuwa mkali kuliko yeye. Sufuria zilianza kusafiri: kutoka jikoni, zikaingia sebuleni kwa mlango wa chaki, na kurudi hivyo hivyo. Siku ya pili muuza mkaa wa jirani, mwanamke mwenye sauti ya kuita ng'ombe, aliingia kwa mlango wa uani kama kawaida yake, akakatiza koridoni hadi jikoni.

"Umepita ukutani," mke wa Mizani alimwambia.

"Nimepita wapi?"

"Ukutani, shoga. Tena umepitia chooni. Rudi uingilie mlangoni."

Muuza mkaa alitazama chini, akatazama juu, akamtazama Mizani ili apate mtu mwenye akili. Mizani alikuwa anapima. Basi mama wa watu akarudi nyuma, akazunguka nyumba nzima, akaingilia mbele, akasimama penye mwanya wa mstari, akabisha hewani. "Hodi!"

"Karibu."

Alitoka akautangazia mtaa kwamba kwa Mizani wamechanganyikiwa. Lakini tangu siku hiyo alifuta miguu kabla ya kuvuka chaki.

Matatizo yalikuwa yameanza jioni ya kwanza. Mizani alikwenda kuketi mahali pake, bila kufikiri, kama mguu unavyoingia kwenye kiatu. Nyuma yake cherehani ililia, ikatulia, ikalia tena. Aliijua sauti hiyo. Mkewe alikuwa anatafuta pa kuanzia.

"Baba watoto."

"Naam."

"Kuna jambo nataka nikwambie." Kisha, kwa sauti nyingine: "Hivi umekaa wapi?"

"Hapa hapa pangu."

"Hapo ni chooni."

Mizani alitazama miguu yake. Mistari ilimzunguka pande zote. "Ni chaki tu, mama watoto."

"Mimi siongei na mtu aliye chooni. Sikulelewa hivyo. Ukitoka nitakwambia."

Akatoka. Alibeba kiti chake hadi jikoni, kwa kupitia sebuleni, akakiweka mbele ya cherehani. Mkewe aliinua uso. Uzi ulikuwa mdomoni, taa nyuma yake. Wakatazamana. Ilikuwa kama kukutana na mtu kituoni.

"Haya. Ulitaka kusema nini?"

Aliutoa uzi mdomoni. "Chumvi inakaribia kwisha."

Chumvi Mizani alikuwa ameinunua mwenyewe juzi, paketi mbili. Mizani alipima magunia miaka mingi kiasi cha kujua, kabla hata hajalinyanyua, gunia la pamba lililotiwa mchanga chini. Tangu jioni hiyo hakuwaza tena habari ya wakwe. Aliwaza juu ya lile neno lililomfikia mkewe mdomoni likarudi.

Alijaribu kila mahali. Walikaa sebuleni, kwenye makochi yenye vitambaa, meza ya kioo katikati yao. "Tuko sebuleni," mkewe alisema baada ya muda mrefu. "Basi nisomee gazeti." Alijaribu kuketi uani kabisa, nje ya mlango, kando ya ndoo.

"Sema!" alipaza sauti.

"Niseme nini, na mtaa mzima unasikia?"

"Tunasikia!" muuza mkaa alijibu kutoka upande wa pili wa ua. "Semeni tu!"

Akiwa hana la kufanya, alianza kumwangalia. Aliona sare zimekunjwa mezani bila vifungo. Aliona binti yao akitunga uzi kwenye sindano asubuhi kabla ya kwenda kazini, nyuzi tatu nne kwa mpigo, na hakuna aliyetoa maelezo. Aliona kwamba mkewe, aliyemrudisha jirani mlangoni kwa kosa la kukanyaga ukuta, yeye mwenyewe aliukanyaga kila alipopita, mstari wa kushoto daima, hadi ukafifia. Alidhani ni dharau, naye dharau ya mkewe aliizoea. Bado kitu kilimkaa kifuani, kizito, na mshale haukutulia.

"Baba," binti alimwambia siku moja kabla msanifu hajarudi, "usije ukageuka dakika za mwisho. Nakujua."

"Unanijuaje?"

"Unapima mno. Mjomba wao anarudi, baba. Na shangazi zao. Mimi ndiye nitakayeishi na watu hao. Sitaki niwe bibi harusi wa kamba ya nguo."

"Nimesikia," Mizani alisema. Na alikuwa amesikia. Kila neno lilikuwa la haki.

Msanifu alifika asubuhi, akamwamkia mzee shikamoo, akasimama koridoni na daftari lake. Binti alikuwa nyuma yake, hajaenda kazini kwa ajili ya siku hiyo. Jikoni cherehani ilikuwa inalia kwa vipande vipande.

"Haya, baba. Wiki ilikuwaje?"

Mizani alipima. Msanifu, ambaye alikwishamzoea, alimngoja.

"Nilikudanganya," Mizani alisema.

"Kuhusu nini?"

"Gazeti."

Msanifu hakucheka, jambo ambalo Mizani alimshukuru kwalo baadaye. "Hukai sebuleni."

"Nakaa hapa. Kiti si cha vitu. Ni changu."

"Na mama?"

"Mle ndani. Simwoni. Namsikia."

Msanifu alitazama kiti, akatazama uwazi wa jikoni, akarudi kwenye kiti, kama mtu anayesoma upya barua aliyodhani ameielewa. "Lakini baba, wewe ndiye uliyetaka choo. Na mimi sina pengine pa kukiweka. Mabomba yako hapa. Nikikitoa hapa, kitaingia sebuleni."

"Choo sebuleni!" binti aliruka.

"Hapana," Mizani alisema. "Kisiwepo."

"Kisiwepo! Na wakwe je?"

"Waje wamekwishajisaidia kwao."

"Baba!"

"Atakayebanwa atapita chumbani. Nguo nitazianua."

Binti yake hakulia. Angelia ingekuwa afadhali. Alisimama akamtazama, na sauti yake ilipotoka ilikuwa ndogo. "Yaani mimi na kiti, umechagua kiti."

Hapo Mizani hakupima. Yawezekana ilikuwa mara ya kwanza. "Mama yako ana jambo la kuniambia," alisema. "Wiki nzima analo. Hana pa kuniambia."

Cherehani ilinyamaza.

Msanifu akaunyoosha mguu mmoja wenye kiatu kizito, na kwa soli akaufuta ukuta wa choo, taratibu, kutoka mwanzo hadi mwisho. Mizani akakivuta kiti chake. Kuketi pale mbele ya watu, mchana kweupe, uso nje na mgongo kwa mgeni, kulimgharimu zaidi ya alivyotegemea. Aliketi.

"Nimekaa," alisema.

Uani kuku alikuwa anachakura chini ya kamba ya nguo.

"Watu bado wapo?" sauti ya mkewe iliuliza kutoka ndani.

"Wapo."

"Na injinia?"

"Yupo."

"Basi na asikie. Amesoma, huenda anamjua mtu." Cherehani ilizunguka kidogo, bila kitambaa. "Jicho langu la kushoto limezima."

Mizani alitazama ndoo. "Limezima vipi?"

"Limezima. Lilianza kama ukungu nilipokuwa nashona sare za muhula uliopita. Nikasema ni uzee. Sasa ni giza. Na la kulia nalo limeanza ukungu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa chooni."

Msanifu alijifanya anapima ukuta. Futi ilimponyoka, ikajirudisha yenyewe kwa kishindo.

"Na kabla ya hapo?" Mizani aliuliza.

"Kabla ya hapo nilikuwa natafuta pa kuanzia. Siku nilipopapata, ukawa chooni." Alivuta pumzi. "Naogopa, baba watoto. Kazi yangu ni macho. Sijui kazi nyingine."

Binti alikuwa ameteleza ukutani taratibu hadi akakaa sakafuni, miguu ndani ya iliyokuwa sehemu ya sinki. "Nilidhani ni miwani, mama," alisema. "Ulisema ni miwani tu."

"Wewe nilikuambia utunge uzi. Sikukuambia uniulize."

"Kesho tunakwenda hospitali," Mizani alisema.

"Nina sare za watu."

"Zitangoja."

"Vifungo havijatiwa hata kimoja."

"Nitavitia mimi."

"Wewe!" Kicheko kilimtoka, kifupi, kikavunjika mwishoni. "Watoto wa watu watafungia mashati mgongoni."

"Watazoea."

Msanifu alisogea hadi kwenye uwazi wa jikoni, akachungulia ndani. Alikuwa mtu wa kazi yake, na alipokosa la kusema aliuliza swali. "Mama, hapo unaposhonea, mwanga unaingilia wapi?"

Mke wa Mizani alifikiri. Wiki mbili nyuma angesema kwamba jikoni kwake kunang'aa kama kanisani. "Hauingii," alisema. "Nimeshona gizani tangu nije. Mchana nawasha taa."

"Hata hiyo taa iko nyuma yako. Unashonea kwenye kivuli chako mwenyewe." Akauparaza ukuta wa nje kwa kiganja. "Hapa naweza kufungua dirisha. Kubwa."

"Fungua," Mizani alisema bila kugeuka.

"Na wewe?" msanifu alimgeukia binti, daftari likiwa limefunguka. "Sikukuuliza siku ile. Jioni huwa unakaa wapi?"

Binti alikawia kujibu, kiasi kwamba baba yake mwenyewe alihisi uzito wa swali. "Chumbani kwangu," alisema. "Kitanda kimeegemea ukuta huu. Tangu mtoto nalala nikiwasikia."

"Unasikia nini?" mama yake aliuliza kwa ukali.

"Yote."

"Yote!"

"Kuna siku mnanichosha."

Jikoni kukawa na kimya cha mtu anayepitia miaka mingi kwa haraka. Binti alijifuta uso kwa mkono wenye chaki, akabaki na mstari mweupe shavuni. Hakuwa amesamehe, ila alikuwa hajaondoka. "Nitamwomba mwenye duka ruhusa ya kesho," alisema. "Baba hajui kusema na madaktari. Watampita kwenye foleni akiwa bado anapima."

Mizani aliona hilo ni kweli. Aliona pia kwamba hajamwona mkewe usoni tangu aseme, na kwamba jambo kama hili labda lilimtaka mume amtazame mtu wake. Akaanza kuinuka, mkono mmoja ukiwa kwenye mgongo wa kiti. Kiti kikalia.

"Usigeuke," sauti ilisema kutoka ndani. "Bado sijamaliza."

Akaketi tena, akauelekeza uso wake uani.

"Sema," alisema.